Anti, nimechoka kulea mtoto wa ustawi na nashindwa kumwambia mtu

Anti shikamoo. Naomba jina langu usiweke na mji pia usiutaje maana huku tunajuana, mtu akisikia tu fundi cherehani mwenye mtoto wa ustawi atajua ni mimi.

Mimi ni mama wa miaka 41, nina mume na watoto wawili wa kuwazaa, binti yuko fomu tuu na wa kiume yuko darasa la nne. Mwaka juzi watu wa ustawi wa jamii walipita mtaani kwetu wanatafuta familia za kuaminika, yaani familia za kupokea watoto wenye matatizo kwa muda mfupi wakati wao wanaendelea kutafuta ndugu. Tukahojiwa mimi na mume wangu, wakaja kuona nyumba, choo, mtoto atalala wapi, mwenyekiti wa mtaa akatuandikia barua, tukapewa na semina ya siku chache. Tulikubali kwa moyo kabisa. Mimi mwenyewe nililelewa na mama mdogo baada ya mama kufariki nikiwa na miaka sita kwahiyo nikaona sasa ni zamu yangu.

Tukaletewa kijana wa miaka saba, nitamwita Juma sio jina lake. Alikutwa stendi analala chini ya meza za mama ntilie. Nikaambiwa dada ni wiki mbili tatu tu tunafuatilia ndugu zake. Anti sasa hivi ni mwaka mmoja na miezi saba.

Mwanzo kila mtu alinisifia. Jumuiya walikuja na mchele na sabuni wakaimba, majirani wakaleta nguo za watoto wao, mpaka wateja wangu wa nguo walikuwa wananiachia chenji wanasema ya kijana hiyo. Baada ya kama mwezi mmoja hivi kimya, nadhani walizoea.

Juma anakojoa kitandani kila siku. Sio mara moja moja, kila siku. Sisi maji tunanunua kwa dumu, kila asubuhi nina shuka, blanketi na godoro la kutoa nje kabla sijawasha hata jiko, na mwanangu aliyekuwa analala naye chumba kimoja kahamia kwenye kochi sebuleni anasema harufu. Nimemkataza kunywa chai usiku, nimejaribu kumwamsha saa sita, wapi. Wenzie mtaani wameshajua wanamwita kikojozi na mimi nikisikia naumia lakini nikirudi ndani nakuta nami hilo neno liko mdomoni.

Afu kuna siku niliona mstari wa sisimizi unapita ukutani, nikaufuata mpaka chini ya kitanda chake. Nikakuta kopo la maziwa ya unga, ndani kuna ugali umekauka umekuwa kama jiwe, chapati nusu imeota ukungu, maganda ya ndizi na kichwa cha dagaa kimoja. Kimoja tu anti. Na mimi sijawahi kumnyima chakula hata siku moja! Nilikasirika nikamwaga vyote jalalani mbele yake. Hakulia, aliangalia tu. Baada ya wiki nikakuta ameanza kuweka kwenye begi la shule. Na elfu mbili ya kwenye kibubu cha binti yangu ilipotea mwezi ulopita, sijui nani lakini nyumba nzima tunamwangalia yeye.

Binti yangu kaniambia mama siku hizi Juma unambembeleza sisi unatufokea tu. Mama mkwe akija anasema si niliwaambia, mtoto wa mwenzio mkubwa mwenzio, utamlea na kesho atakuuza. Majirani wengine wanaamini tunalipwa na wazungu, kuna mmoja aliniomba mkopo kabisa akasema zile hela za yule mtoto. Hela gani? Daftari, michango ya shule, sare, dawa, vyote ni cherehani yangu na kibanda cha mume wangu cha kuchomelea. Mume wangu sio mbaya, hajawahi kusema mtoto aondoke, ila siku hizi anarudi usiku na nikianza kumweleza anasema wewe ndo mama unajua.

Yule afisa aliyetuletea mtoto alihamishwa. Aliyekuja ni mstaarabu, ukimpata kwenye simu anakupa pole, lakini anasema yuko peke yake na wilaya nzima inamsubiri. Mara ya mwisho kufika nyumbani ni miezi mitano imepita alipomleta bibi yake Juma, mzaa mama, walimpata kijijini mwendo wa masaa mawili kwa Hiace. Bibi ni mzee anauza mboga, miguu inamsumbua. Alikuja na tetea mmoja kamfunga miguu akasema hii ni asante yangu sina kingine. Juma alikaa pembeni yake hakuongea kitu. Usiku ule na uliofuata hakukojoa nikasema sasa amepona, siku ya tatu akarudia. Bibi hakuja tena, nauli.

Sasa kilichonifanya nikuandikie. Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha siku nne godoro halikauki, nina sare za harusi za kumaliza, asubuhi nikakuta kalowesha tena na blanketi la mume wangu. Nikamwambia kwa sauti kubwa, nitakurudisha stendi ulikotoka. Anti yule mtoto aliinuka, akachukua mfuko, akakunja nguo zake moja moja vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, akavaa viatu akaenda kukaa mlangoni. Hakusema kitu. Alikaa pale mpaka mume wangu alipomchukua akampeleka kibandani kwake.

Tangu siku ile siwezi kumwangalia machoni. Nataka nimpigie afisa nimwambie njooni mmchukue, nikiwaza hivyo napata ahueni, afu naona aibu kwa ile ahueni. Moyo niliokuwa nao mwanzo sijui umeenda wapi. Niendelee wakati moyo haupo? Nimtoe akaanze upya tena kwingine? Je bibi? Kanisani watasemaje? Nisaidie anti, usinifiche.

Mama Mchovu

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Barua yako nimeisoma jioni nikairudia asubuhi maana nilitaka nikujibu nikiwa sijachoka, na hilo la kuchoka nitalirudia.

Kwanza niseme nilivyokuelewa, nikikosea nisahihishe. Ulikubali kumshika mtoto kwa wiki tatu ukajikuta na miezi kumi na tisa. Uliahidiwa ofisi, jumuiya na majirani, umebaki na dumu la maji na mume anayesema wewe ndo mama. Umemtishia mtoto na stendi na jibu lake limekukata kuliko kama angekutukana. Na sasa unaniuliza kama mtu ambaye moyo umeisha ana haki ya kuendelea kulea, au ana haki ya kuacha. Ndo hivyo?

Mi nakuomba tulitazame hilo neno moyo. Unaongea kama vile moyo ulikuwepo mwanzo umemwagika, na bila huo hakuna kazi. Lakini hebu angalia wiki hizi mbili unazosema moyo haupo, nani aliyefua shuka? Nani amempeleka shule? Mwanzo ulikuwa na moyo ndiyo, ila ulikuwa pia na watu waliokuletea mchele wakaimba, na afisa aliyekuwa anapokea simu, na imani kwamba ni wiki tatu tu. Vile vyote viliondoka kimoja kimoja ukabaki wewe na godoro, sasa unajilaumu wewe. Mimi naona hicho kilichoisha ni sapoti zaidi kuliko mapenzi, ila wewe ndo uko ndani ya hiyo nyumba, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na ile ahueni unayoionea aibu, mdogo wangu mama gani hajawahi kuiwaza hata kwa watoto wa tumbo lake? Mtu aliyebeba ndoo kichwani masaa yote akiambiwa tua, anapata ahueni, haina maana anayachukia maji. Umesema ulilelewa na mama mdogo na hii ni zamu yako. Unadhani yeye hakuchoka? Kama yuko hai mpigie simu umuulize, sio uliweza vipi, muulize ulishawahi kutaka kunirudisha. Huenda akacheka, huenda akanyamaza, vyovyote utapata kitu ambacho mimi siwezi kukupa.

Tuje kwa Juma. Mtoto wa miaka nane tisa anayekojoa usiku, aghalabu hafanyi kusudi, analala fofofo kibofu kinajaa yeye hajui, na waliopitia misukosuko kama yake inawatokea sana. Lakini hukuniandikia popote kama umempeleka kituo cha afya kwa hili. Mpeleke wapime mkojo, kuna UTI, kuna kichocho kama aliwahi kuoga mitoni, kuna sukari, seli mundu nayo inaweza kumfanya mtoto akojoe sana usiku, hata choo kigumu kinabana kibofu. Inawezekana wasikute kitu. Basi utajua ni la muda na la utulivu, na utaacha kumnyima chai kama adhabu, anywe vizuri mchana apunguze jioni na aende chooni kabla ya kulala. Godoro livalishe nailoni ngumu ile ya mezani, utafua shuka tu. Na shuka aje akusaidie kuitoa, kimya, bila hotuba. Hii haitamtibu ila asubuhi zako zitapungua ukali, na mimi kwenye barua yako naona maamuzi yote mabaya yanatokea asubuhi.

Lile kopo. Umeandika mpaka kichwa cha dagaa kimoja, nikajua na wewe kilikuchoma. Unasema hujawahi kumnyima chakula, na ni kweli, lakini tumbo lake lilishajifunza stendi kwamba leo kipo kesho hakipo, na somo hilo halifutiki kwa sahani mbili tatu. Ulipomwaga alihamishia kwenye begi, yaani hakuacha, alitafuta benki nyingine. Wapo walezi wanaompa mtoto kama huyo kopo lake mwenyewe, safi, lenye mfuniko, linakaa mezani mahali anapoliona, ndani kuna karanga au biskuti au kiazi kilichochemshwa, na kila jioni linaangaliwa pamoja, kilichoharibika kinatolewa kinawekwa kingine. Inachukua miezi. Wengine wanaona kama ni kumdekeza na binti yako anaweza kusema mbona mimi sina, basi naye mpe la kwake, si gharama kubwa. Kuhusu elfu mbili mimi sijui nani kachukua na wewe hujui, kwahiyo hapo ningeomba nyumba iache kwanza kumwangalia.

Sasa jambo ambalo umeliandika haraka ukapita. Usiku bibi alipokuja na usiku uliofuata, kitanda kilikuwa kikavu. Na hakuongea naye kitu, alikaa tu pembeni. Mimi sisemi bibi ndo dawa, usiku mbili si ushahidi wa chochote na bibi mwenyewe miguu inamsumbua. Ila nauliza, miezi mitano hii kuna mtu amemwambia Juma bibi yuko wapi, kwanini hakurudi, na yeye Juma ni wa nani? Anajua kama kwako yupo kwa wiki au kwa miaka? Maana wewe mwenyewe hujui. Nyumba nzima mnaishi kama watu wanaosubiri basi, na mtoto wa stendi anajua kusubiri basi kuliko ninyi wote, ndo maana mfuko aliukunja vizuri.

Hapa kuna kazi ya karatasi na usiidharau. Familia ya kuaminika ni ya dharura na muda mfupi. Malezi ya kambo ni kitu kingine, kipo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake za 2012, kina maombi yake, kuchunguzwa kwake na ufuatiliaji wa afisa. Kuasili ni kingine tena, hiyo ni mahakamani na mtoto anakuwa wako moja kwa moja. Wewe nadhani umeingia kwa mlango wa kwanza ukajikuta chumba cha pili bila mtu kukuambia. Andika barua, narudia barua sio simu, ofisi ya halmashauri, igongwe muhuri ubaki na nakala. Sema mtoto uko naye tangu tarehe fulani, uliambiwa wiki tatu, unaomba kikao cha kujua mpango wake ni upi, na useme wazi umechoka. Sheria hiyo hiyo imeipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto aliye eneo lake, kwahiyo hauombi hisani. Afisa mmoja na wilaya nzima ni ukweli wa sehemu nyingi wala simlaumu, ila barua inambana bosi wake pia. Ikikaa kimya, mtendaji wa kata anayo kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, anzia kwake. Na namba 116 ni bure, ni ya watoto lakini hata wewe mtu mzima ukipiga kuulizia mambo ya mtoto wanakusikiliza.

Umeniuliza njia, nami nizitembee kidogo na wewe.

Ukisema unaendelea, sidhani kama unaweza kuendelea hivi hivi. Ukiendelea hivi hivi, ile sauti ya asubuhi itarudi na safari ijayo pengine mume wako hatakuwepo. Kuendelea kunahitaji mtu wa pili. Nimesikia unamtetea mume kwamba sio mbaya, na mimi nakubaliana, ndiye aliyeinuka akamchukua mtoto mlangoni bila kelele. Huyo mtu anajua kitu. Labda maneno yanamshinda ila kazi haimshindi, sasa badala ya kumwelezea usiku akiwa amechoka, mpe kipande chake, kwa mfano Jumamosi nzima Juma yuko kibandani na baba, na godoro ni la baba kuanzia Ijumaa. Jumuiya nao usisubiri wakumbuke. Watu walishasifia wanadhani wamemaliza, mtafute mama mmoja tu umwambie kitu kidogo chenye kipimo, naomba dumu mbili kila Jumatano. Wengine watakukwepa, hilo ujue, na ndo utawajua. Kupumzika wikiendi pia inawezekana, akakae kwa familia nyingine iliyopitishwa na ustawi, ila mtoto huyu akiona mfuko atajua anatupwa, kwahiyo itabidi aachiwe blanketi lake kitandani kwako na aambiwe siku ya kurudi kwa kuhesabu vidole.

Ukisema anaondoka, sitakuita mtu mbaya. Mtoto kukaa na mtu mzima ambaye kila akimwona anakunja uso nayo ni jeraha, na wanao wawili nao ni watoto, binti yako amesema kitu cha kweli tena kwa adabu. Lakini kuna kuondoka na kuna kuondolewa. Akichukuliwa kesho kwa simu ya hasira, atajua stendi ilikuwa kweli, na hujui anapelekwa makao ya watoto au wapi. Ikiwa kwa mpango, familia mpya inakuja kwako kwanza, anaenda kulala huko siku moja, mbili, na wewe unabaki kuwa mtu anayeweza kumpigia. Hiyo inachukua wiki kadhaa na kwa ofisi unayoisema pengine zaidi. Uzito wake ni kwamba utamlea mtoto anayejua anaondoka, na hiyo sio rahisi.

Na bibi. Ustawi kwa kawaida wanataka mtoto arudi kwa ndugu zake ikiwezekana, na wewe na bibi msikabidhiane mtoto kimyakimya mkimalizana na nauli, afisa lazima aone kule atalala wapi, nani atampeleka shule bibi akiugua. Inawezekana bibi hawezi kumlea lakini anaweza kuwa bibi. Nauli ya Hiace kwenda na kurudi mara moja kwa mwezi ni pesa najua, pengine ndo hiyo ya kuomba jumuiya badala ya sabuni. Hatari yake ni kwamba kila akirudi kutoka kule anaweza kuvurugika zaidi, siku ya tatu ile unaikumbuka.

Lakini kabla ya yote haya, mlango. Wiki mbili humwangalii machoni na yeye hajui ni aibu, anadhani ni hasira, anahesabu siku. Nenda ukae naye pale pale mlangoni, muda ambao hakuna kazi, umwambie siku ile nilisema neno baya, nilikuwa nimechoka, kosa ni langu, stendi hutarudi. Hiyo ya mwisho unaweza kuiahidi maana hata akiondoka kwako hataenda stendi. Ila usimuahidi milele kama hujui, amesikia ahadi nyingi. Anaweza asijibu. Anaweza akaondoka zake kucheza. Usimshike.

Mama mkwe na majirani nimewaacha makusudi, barua yako ilikuwa ndefu na wao wameshapewa nafasi ya kutosha kwenye hiyo nyumba.

Nijulishe umefikia wapi, hata ukiamua kitu ambacho unadhani sitakipenda. Na nimesahau kukuuliza, yule tetea wa bibi mlimchinja au bado yupo? Kama yupo, muulize Juma anamwitaje.

Anti